Nilisaini kwamba mwenzangu aliumia akiwa kwenye mambo yake, wakati alikuwa kazini (Tukuyu)

Wakuu, nawasalimu kutoka Tukuyu, huku ambako leo jua limechungulia kidogo na kila nyumba imeanika nguo haraka haraka kabla mawingu hayajarudi.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Huwa nacheka na kupita. Leo naandika yaliyonipata mwenyewe. Majina nimebadilisha na kampuni siitaji, kwa hiyo msinifuate PM kuniuliza. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na ile sehemu ambayo mimi mwenyewe sipendezi.

Ni ndefu kidogo. Mwenye chai yake aisogeze.

Nilikuwa dereva wa pikipiki kwenye kampuni ya kusambaza vifurushi. Makao makuu yako Dar, tawi Mbeya, na hapa Tukuyu tulikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Kila asubuhi gari linashusha mizigo kutoka Mbeya, tunagawana, kila mtu anashika njia yake. Masukulu, Suma, Ikuti na kwingineko. Spea za pampu, simu, dawa za maduka ya dawa, viatu, vyeti vya watu.

Tulikuwa sita. Mmoja wetu alikuwa mwanamke, tumwite Sekela.

Ndiyo, mwanamke, na njia zenyewe za matope. Alijifunzia pikipiki kwao Masukulu kwa kubeba ndizi kutoka shambani hadi barabarani. Mikungu mitatu nyuma, mteremko, mvua. Mtu wa namna hiyo humfundishi utelezi. Sisi wanaume tulikuwa tunamuuliza yeye ni wapi pa kupita.

Mimi nilikuwa kiongozi wa madereva. Wenzangu ndio walionichagua ili niwasemee kwa wakubwa. Lakini ilifika mahali nikawa nawasemea wakubwa kwa wenzangu, na sikumbuki niligeuka lini.

Mambo yalianza kuharibika ilipoletwa app mpya.

Ile app inakupa ramani na saa. Ukitoka ofisini saa inaanza kuhesabu. Ikiwa kijani uko vizuri, ikiwa njano umeanza kuchelewa, ikiwa nyekundu umeshaharibu. Ukimaliza wiki tatu mfululizo na nyekundu nyingi, unafungiwa. Unaamka asubuhi unakuta huwezi kuingia, basi, huna kazi. Hakuna wa kumuuliza.

Shida ni kwamba muda uliwekwa na mtu aliyeko Dar kwenye kiyoyozi. Tukuyu mpaka Suma muda ni uleule, liwe jua, iwe mvua ya siku nne. Na nyie mnaoijua Rungwe mnajua mvua yetu haiombi ruhusa.

Kule makao makuu kulikuwa na meneja mmoja wa oparesheni. Nitamwita Meneja tu. Kijana msomi, sauti ya upole, hatukani hata siku moja. Yeye alikuwa anatuona kama vidoti kwenye kioo. Kidoti kikisimama zaidi ya dakika tano, simu inaita.

"Kaka, naona umesimama. Kuna changamoto?"

Nitoe mfano mmoja mjue hali. Siku moja nilikutana na watu wanapeleka jeneza shambani kwa mazishi. Huku kwetu ukikutana na msiba unazima pikipiki, unavua helmeti, unasimama mpaka wapite wote. Hata kama humjui marehemu. Simu ikaita.

"Msiba, bosi," nikamwambia.

"Pole sana. Ni ndugu yako?"

"Hapana."

Akasema, "Sawa, nitaweka kwenye maelezo kwamba ni sababu binafsi."

Sababu binafsi! Nilibaki naitazama simu. Mzee mmoja kwenye msafara aliniangalia nikiwa na simu mkononi, nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza.

Baada ya miezi michache nikawa mtu wa kushtuka. Mke wangu akinipigia kuuliza tu kama nitapitia sokoni, moyo unaenda mbio mpaka nione jina lake. Nikaanza kuangalia saa hata nikiwa kanisani. Wenzangu nao hivyohivyo, mmoja alikuwa anakojoa mara mbili kabla ya kuondoka asije akasimama njiani. Tulicheka, lakini ndiyo hali tuliyokuwa nayo.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Kabla ya Suma kuna kijito chenye daraja la mbao, na wiki moja kabla ya tukio mbao tatu zilikuwa zimeondoka. Nilipiga picha nikaiweka kwenye group la kazi, nikaongeza na sauti nikieleza kwamba njia hii haifai, tupite ile ya juu ambayo ni ndefu zaidi. Meneja akajibu, "Noted. Kwa sasa tufuate ramani hadi itakapofanyiwa update."

Yaani tupite kwenye shimo mpaka ramani ibadilike.

Jumatano hiyo Sekela alikuwa na njia ya Suma. Saa nne asubuhi mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyo na upepo, inamwagika tu kama mtu amepindua pipa. Mimi nilikuwa ofisini nasubiri mzigo. Meneja alikuwa ametoka kunipigia muda si mrefu kuniambia timu yangu iko chini kuliko timu zote za nyanda za juu, na kwamba ananitegemea mimi binafsi.

Sekela akapiga.

"Kaka Lusajo, nimepita njia ya juu, daraja lile silitaki. Lakini mvua huku imezidi, mbele sioni. Kuna kanisa hapa, nijibanze ipungue?"

Wakuu, nilikuwa na jibu moja tu la kibinadamu. Simama dada, mvua ipite. Maneno manne, matano.

Nikamwambia, "Jikaze dada yangu. Saa yako imeshakuwa njano, na Meneja ananitazama mimi."

Akasema, "Sawa." Akakata.

Kama nusu saa baadaye Meneja akapiga. "Mtu wako wa Suma yuko nje ya ramani na amesimama dakika ishirini na moja. Nimempigia mara sita hapokei. Hebu fuatilia."

Nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia. Mara ya tatu ikapokelewa na sauti ya mzee.

"Mwenye simu yuko kwenye matope hapa, pikipiki imemlalia. Ninyi ndio mnaopigapiga? Njooni basi, msipige!"

Sikumbuki nilivyotoka pale ofisini. Nakumbuka tu nilifika kwenye mteremko wa ile njia ya juu, alikokuwa ameanguka.

Walikuwa akina mama wawili na yule mzee. Pikipiki walishaitoa juu yake. Walikuwa wamekata majani ya mgomba wanamkinga mvua. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei. Alikuwa anatetemeka, midomo imepauka.

Alichoniambia kwanza ni hiki: "Zima ile app. Bado inanihesabia."

Tulimfunga mguu na vipande vya mianzi, tukambeba kwa kitenge mpaka barabarani. Gari dogo la mzigo lililokuwa limebeba parachichi likatuchukua mpaka hospitali. Eksirei ikaonyesha mfupa wa muundi umevunjika sehemu mbili. Daktari akasema atahitaji kufungwa chuma, Mbeya.

Kesho yake asubuhi nilienda wodini. Mama yake alikuwa ameshafika kutoka Masukulu, mama mtu mzima ambaye Kiswahili chake kina Kinyakyusa ndani, hana z, kwake zote ni s.

"Ugonile, mama," nikamwamkia.

"Ndaga," akajibu bila kuniangalia. Alikuwa anamkanda binti yake mkono. Baadaye sana akasema, "Kasi yenu hii, mwanangu, itawamalisa."

Mpaka leo sijui alimaanisha kazi au kasi. Sikuuliza. Naona alikuwa sahihi kwa vyote viwili.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Ijumaa Meneja akaja mwenyewe kutoka Dar, pamoja na dada mmoja wa HR. Gari jeupe, viatu vyeupe, maskini tope la Tukuyu likamwonyesha. Mkuu wetu wa ofisi pale, tumwite Fredi, mtu wa makamo, mpole, anayeogopa kila kitu, akatumwa nje kununua maji. Nikabaki nao wawili.

Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Jina langu limeshaandikwa chini, bado sahihi tu.

Ilisema kwamba mimi, kama kiongozi wa madereva, nathibitisha kuwa Sekela aliacha njia ya kampuni bila ruhusa, akaenda kwenye shughuli zake binafsi, na kwamba madereva wote wamekuwa wakielekezwa kusimama mvua inapokuwa kubwa.

Kwa wasiojua maana yake: mtu akiumia kazini, kampuni inabeba matibabu yake na haiwezi kumtupa hivihivi. Akiumia kwenye mambo yake, ni yeye na Mungu wake.

Nikasema, "Lakini bosi, yeye alikuwa anapeleka mzigo. Ulikuwa kwenye boksi lake."

Meneja akatabasamu kwa upole uleule. "Kaka Lusajo, ramani inasema alikuwa nje ya njia. Siyo mimi, ni ramani. Hii ni taratibu tu ya kufunga faili." Kisha akasema Mbeya wanatafuta msimamizi wa madereva, na jina langu limetajwa. Dada wa HR alikuwa anaangalia kucha zake.

Na wakuu, kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mtu yeyote siku ile. Nilipoisoma ile karatasi, sehemu fulani ya moyo wangu ilipumua. Kwa sababu kama kosa ni la Sekela, basi si la yule aliyemwambia ajikaze.

Nikasaini.

Fredi aliporudi na maji aliona peni mkononi mwangu. Akaweka chupa mezani, akatoka tena.

Siku zilizofuata nilikuwa kama mgonjwa. Chakula hakishuki. Nikipita karibu na hospitali naongeza mwendo kama mtu anayefukuzwa. Mke wangu aliniuliza mara mbili, nikamwambia ni malaria inanijia.

Jumanne ikaingia meseji ya Sekela, na picha ya barua aliyoletewa wodini.

"Kaka wanasema nilikuwa kwenye mambo yangu na ajira yangu imesimamishwa. Wewe si ndiye niliyekupigia? Waeleze basi."

Hakujua kwamba barua ile imesimama juu ya sahihi yangu.

Niliisoma, alama zikaonyesha nimesoma, nikaweka simu mfukoni. Nilikaa nayo siku mbili nzima bila kujibu. Siku mbili, jamani. Mtu amelala na mguu uliovunjika anasubiri jibu langu.

Alhamisi nilipangiwa njia ya Suma, njia yake. Nilifika pale kwenye kijito. Daraja lilikuwa limepungua ubao mwingine, na app ikaniambia niendelee moja kwa moja. Nilisimama pale. Dakika tano zikapita, simu ikaanza kuita. Sikupokea. Nikageuza pikipiki, nikaupeleka mzigo kwa njia ya juu, kisha nikaenda hospitali moja kwa moja na matope yangu miguuni.

Nilimwambia yote. Kwamba nimesaini. Kwamba nilijua ni uongo wakati nasaini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakupaza sauti. Mama yake hakuwa amefuata kila neno lakini alielewa, maana aliacha kukunja nguo.

Sekela akasema, "Toka."

Nikasimama.

"Ukitaka kurudi hapa, rudi na karatasi nyingine. Pole zako siziwezi leo."

Nilikaa nje ya wodi kwenye benchi, nikaomba karatasi kwa mtu wa mapokezi, nikaandika kwa mkono. Niliandika kwamba maelezo ya kwanza si ya kweli. Kwamba Sekela alikuwa na mzigo wa kampuni. Kwamba daraja lilikuwa bovu na uongozi ulijulishwa, na picha iko kwenye group na jibu la Meneja liko chini yake. Kwamba hakuna aliyewahi kutuambia tusimame kwenye mvua.

Halafu ikabaki sentensi moja. Niliishika peni muda mrefu, nadhani robo saa. Nikaandika: "Marehemu hakuna, namshukuru Mungu, lakini mimi Lusajo ndiye niliyemwambia asisimame, kwa kuogopa simu ya Meneja."

Nilienda ofisini kesho yake. Niliwaambia wale madereva wengine wanne asubuhi, nikitegemea wataniponda. Mmoja alinitukana kweli, tusi la Kinyakyusa ambalo siandiki humu. Kisha akaomba peni, akasaini chini ya maelezo yangu kama shahidi wa habari ya daraja. Wawili wakafuata. Wa nne alisema ana mtoto mchanga, hawezi. Simlaumu hata kidogo, nilikuwa yeye wiki moja kabla.

Nikampa Fredi nakala mbili, nikamwomba moja aigonge muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, wakubwa wangeweza kusema hawajawahi kuiona.

Fredi aliisoma mstari kwa mstari. Jasho likamtoka, na Tukuyu asubuhi ni baridi. Simu ya ofisi ikaanza kuita, ni Dar, maana vidoti vyetu vyote vilikuwa havijaondoka ofisini na saa ilishafika. Ikaita, ikakatika. Ikaita tena.

Fredi akafungua droo, akatoa muhuri, akagonga. Tarehe ikakaa upande.

"Mimi sijaisoma," akasema. "Nimepokea tu."

Ndipo akapokea simu, akaniita, "Anakutaka wewe."

Meneja hakupaza sauti. "Kaka, unaelewa unachokifanya? Umesaini maelezo mawili yanayopingana. Ni wewe utakayeonekana mwongo."

Nikamjibu, "Ni kweli bosi, kwenye yale ya kwanza nilidanganya. Andika hivyo."

Nakala yangu niliipeleka kwa afisa kazi Mbeya. Sitawachosha na safari za kule, nenda rudi, njoo kesho. Ilichukua wiki kadhaa ambazo nililala kwa vipande vipande, nikisubiri polisi, nikisubiri barua, nikisubiri chochote.

Mwisho wake ulikuja hivi. Kampuni iliiondoa ile barua na kuandika kwamba Sekela aliumia akiwa kazini. Alifungwa chuma Mbeya. Sasa anatembea na gongo moja, anapokea mizigo pale ofisini, na kwa kweli anaijua kazi ile kuliko Fredi. Mguu hautakuwa kama zamani, daktari alishamwambia. Pikipiki hajapanda tena.

Muda wa njia za matope uliongezwa. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyekiri kitu. Madereva waliamka tu siku moja wakakuta saa zao zimelegezwa.

Meneja bado yupo. Nasikia anasifiwa kwa kuboresha mfumo.

Mimi mkataba wangu ulipoisha niliandikiwa mstari mmoja kwamba hautaendelea. Nilitegemea. Sasa nabeba ndizi na parachichi za watu kutoka Ikuti kwa pikipiki yangu. Mvua ikinyesha nasimama. Lakini simu ikiita bado nashtuka, sijui nitaacha lini.

Nilichojifunza, kama kitamfaa mtu. Ukiletewa karatasi imeshachapwa na jina lako liko tayari chini, usisaini hapohapo. Sema unakwenda nayo nyumbani ukaisome. Anayekukatalia ameshakujibu. Na wewe uliye katikati, kiongozi wa vijana, msimamizi, sijui team leader, jiulize presha unayoshushiwa unaimalizia kwako au unaipitisha tu kwa wa chini. Mimi niliipitisha, ikamwangukia Sekela kwenye mguu.

Kabla ya kuandika hapa nilimpitia ofisini kumwomba ruhusa. Huwa tunasalimiana, si zaidi ya hapo. Alikuwa anapanga vifurushi, hakuinua kichwa haraka.

"Andika," akasema. "Lakini usije ukaanzia kwenye karatasi ya pili."

Kwa hiyo nimeandika na ya kwanza.

Karibuni wakuu. Walio kwenye kazi za namna hii mseme na huko kwenu ikoje, wanasheria mnisahihishe nilipokosea, na mwenye mawe yake asijizuie, nipo.